Baba Hakuumwa na Buibui

Nyanga,
Bukoba.
13 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Joanitha,

Waitu, habari za huko Lindi? Natumaini barua hii itakukuta unaweza kuinuka kitandani bila kushika ukuta, na kwamba mshono umekauka vizuri. Kokuhirwa ananyonya? Anakuachia usingizi hata kidogo? Mwesiga aliniambia kwenye simu kwamba mtoto ana nywele nyingi mpaka zimefunika masikio. Nikamwambia hizo ni za ukoo wetu, asihangaike kuzitafuta kwao. Msalimie mumeo, na umwambie nashukuru kwa jinsi anavyokuuguza, maana huko hamna ndugu wa karibu wa kumpokea kazi.

Sisi tu wazima wa mwili. Shemeji yako Mwijage anaendelea na useremala wake, binti yetu Nancy amemaliza mitihani ya kufunga mwaka. Mvua inanyesha karibu kila siku na nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Migomba inafurahi. Mimi silali vizuri.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu wewe unalia, mimi nalia, kisha mtandao unakatika na kila mtu anabaki na la kwake. Tena kwenye simu nilikudanganya, na nimejaribu mara nne kukuambia ukweli kwa mdomo huohuo, nikashindwa. Naomba uisome ukiwa umekaa, na mtoto umemlaza. Ikikuwia nzito, mpe Mwesiga akusomee.

Joanitha, Tata hakuumwa na buibui. Nimeliandika mapema ili nisipate nafasi ya kulizunguka.

Buibui mwenyewe alikuwepo, hilo halikuwa uongo. Mwezi wa kumi Kyaruzi, yule anayeuza vipuri vya magari pale kata ya Bakoba, alipokea mzigo wa vipuri vilivyotumika kutoka Japani. Fundi wake anaitwa Protase, mtu mzima mwenye watoto wanne. Alitia mkono nyuma ya taa moja ya gari akaumwa kidoleni. Aliyemuuma alikuwa buibui mweusi, hazidi ukubwa wa punje ya kahawa, ana mstari mwekundu mgongoni. Protase alitoka jasho jingi, akatapika, mkono ukamuuma mpaka begani. Alilazwa siku mbili akarudi nyumbani kwake akiwa mzima.

Akaja mtaalamu wa wadudu kutoka Mwanza. Alifungua kila sanduku la mzigo ule, akapata buibui wengine sita na vifuko vya mayai, akavichoma vyote. Kisha gari la matangazo likapita Bakoba lote na kufika mpaka huku Nyanga. Lilisema kwamba buibui huyo ni wa kigeni na ana sumu, lakini hamfukuzi mtu, huuma akibanwa tu, na aliyeumwa hawezi kumwambukiza mwenzake. Nadhani katika yote yale watu tulishika maneno mawili: kigeni, na sumu.

Kesho yake ikazunguka sauti ya WhatsApp, mwanamke analia kwamba Protase amekufa na mwili umepasuka. Protase aliisikia akiwa mezani anakula. Siku ya tatu mwenye nyumba alimwambia ahame. Shuleni watoto wake wakaachwa peke yao kwenye dawati, wenzao wakabanana kwingine.

Sijui nikueleze vipi hali ilivyokuwa. Watu walipaka oili chafu kwenye fremu za milango. Walimwaga mafuta ya taa vyooni, halafu wakaogopa vyoo vyenyewe, wazee na heshima zao wakawa wanakwenda migombani asubuhi. Kuna aliyegawa maji ya maombi kwenye chupa za soda. Sokoni Muleba wakakataa ndizi zilizotoka Bukoba, kana kwamba Muleba hawana buibui wao. Tuliua buibui wote wa majumbani, hata wale wenye miguu mirefu ambao hawajamdhuru mtu tangu tuzaliwe, na mbu wakaongezeka. Senene walipoanza kushuka, mtaa wetu haukuwaokota kuwakaanga, uliwaacha wakafia barabarani, kwa kuwa kuna aliyesema buibui anajificha ndani ya magunia yao. Umewahi kuona Mhaya anamkanyaga senene na kupita?

Nami usidhani nilikuwa pembeni nikiwacheka. Mimi ninayefundisha sayansi darasa la tano nilichora buibui ubaoni, nikawaambia watoto wasiwe na hofu. Nikirudi nyumbani nachukua bomba na dawa ya kunyunyizia kahawa, napuliza mpaka uvunguni mwa kitanda. Nancy alikohoa wiki nzima. Mwijage alinificha lile bomba, nikanunua jingine.

Katikati ya hofu hiyo Tata alikuja kututembelea, kwenye tarehe ishirini na mbili Oktoba. Alituletea mkungu wa ndizi na mfuko wa maharage, akalala kwetu siku mbili. Alikuwa anatafuta mkanda wa mashine yake ya kukobolea kahawa. Jioni alirudi nao, nikamuuliza ameupata wapi, akasema kwa Kyaruzi. Nilimgombeza kama mtoto. Alinitazama tu huku anafungua viatu.

“Nimemkuta amekaa peke yake kwenye kiti chake, dukani hamna hata nzi,” akasema. “Ningepitaje bila kumsalimia?”

Usiku ule alipokwishalala niliyafua mashati yake yote kwa maji ya moto. Viatu vyake nilivitoa nje vikanyeshewa. Asubuhi alivivaa vimelowa.

Aliporudi kijijini kwake Nshamba aliwasimulia watu mwenyewe kwamba amefika kwa Kyaruzi na hajaona mdudu yeyote. Alidhani anawatuliza. Kumbe anajiwekea alama.

Tarehe mosi Novemba alikuwa anatengeneza banda la mbuzi, akakanyaga msumari wenye kutu, ukapita kandambili ukaingia mguuni. Alisafisha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Unamjua. Baada ya wiki shingo ikaanza kukaza, akadhani ni mto. Kisha taya likawa halifunguki vizuri, akadhani ni jino. Jirani yake Clotilda alipokuja kumwamkia alimkuta uso umevutika, kama mtu anayecheka na huku hacheki. Clotilda alirudi nyuma mpaka njiani, akakimbia. Kufika mchana Nshamba nzima ilijua kwamba mzee Rutaihwa ameleta buibui wa Bukoba mwilini.

Bodaboda walikataa kumpakia. Alikwenda zahanati kwa miguu, na fimbo. Alipokaa kwenye benchi wagonjwa wote wakainuka, mmoja akatorokea dirishani. Mhudumu alimwambia asubiri nje mpaka aitwe. Alisubiri chini ya paa la nje mpaka mvua ikaisha, hakuna aliyemwita, akajirudia nyumbani. Haya nimeyakusanya baadaye kwa waliokuwepo. Kila mmoja alinisimulia alichofanya mwenzake.

Sasa nafika kwangu.

Jumamosi ile, tarehe tisa, Tata alinipigia simu mchana. Nilikuwa nafua. Maneno yalikuwa yanatokea katikati ya meno.

“Kemilembe, mwanangu. Mdomo haufunguki. Njoo na Mwijage mnichukue.”

“Umeumwa na nini, Tata?”

“Msumari. Wa bandani.”

“Una hakika si yule mdudu?”

Nilimsikia anapumua.

“Nimekuambia msumari.”

“Haya, Tata. Kesho tutakuja.”

Sikumwambia Mwijage. Niliwaza lile gari lake la kubebea mbao, ndimo Nancy anamokaa akienda shule, na ndimo ningemweka Tata. Niliwaza vitu ambavyo mimi mwenyewe ningemkosesha mwanafunzi alama kwa kuviandika. Jumapili alipiga mara mbili sikupokea. Mara ya tatu nikapokea nikasema gari ni bovu. Lilikuwa limesimama mbele yangu, zima. Jumatatu nilimpigia Clotilda nimwombe ampelekee uji.

Clotilda aliupika, siwezi kumnyima hilo. Aliuweka mpakani, kwenye shina la mgomba, akamwita kwa sauti aje auchukue. Tata alitoka na fimbo yake. Katikati ya kibanja chake cha migomba mwili ulimkaza wote, akaanguka chali, mgongo umepinda kama upinde. Clotilda aliniambia haya akiwa amejifunika uso na kanga. Alisimama palepale mpakani akitazama, anaomba Mungu ainuke mwenyewe. Aliinuka mwenyewe. Uji hakuweza kuunywa.

Joanitha, huyu ndiye mtu aliyenichukua nikiwa na miaka sita, baba yangu alipokufa, akanilaza kitanda kimoja na wewe na hakuna siku alisema huyu wangu na huyu wa kaka yangu. Mimi na wewe tulimwita Tata kwa mdomo mmoja. Siku tatu nilimjibu kwa uongo kutoka ndani ya nyumba yenye gari.

Jumanne alimpigia Mwijage mwenyewe. Hakuweza tena kusema, aliguna tu. Mwijage alikuja nyumbani na vumbi la mbao kichwani, akachukua ufunguo ukutani.

“Ulijua?” akaniuliza.

Nikasema nilijua.

Hakuongeza kitu, na mpaka leo hajaongeza. Alikwenda Nshamba peke yake, akambeba Tata mikononi kutoka kitandani mpaka garini huku watu wamesimama mbali wanatazama, akamleta hospitali huku Bukoba. Mimi niliwakuta hukohuko.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Hakuchukua muda. Aliutazama uso, akaugusa mguu, akaona tundu la msumari.

“Hii ni pepopunda,” akasema. “Imeanza lini?”

Mwijage alinitazama. Nikasema Ijumaa, au Jumamosi.

“Leo ni Jumanne. Mlikuwa mnasubiri nini?”

Alituambia kwamba angefika mapema wangekuwa na nafasi nzuri zaidi, kisha akaenda kuandaa dawa, na hilo neno lake nimebaki nalo mimi.

Walimweka chumba kisicho na mwanga mkali wala kelele, kwa sababu hata mlango ukibamizwa mwili ulimkaza. Niliingia kwa kunyata. Macho yake yalikuwa wazi na akili zake zote zilikuwepo, hili nataka ulijue. Aliinua vidole vyake vya mkono wa kulia kutoka kwenye shuka, kidogo tu, nimshike. Nami nikaurudisha mkono wangu nyuma. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwa masikio yangu kwamba ni pepopunda, na bado mkono ulirudi wenyewe. Aliuona. Akavishusha vile vidole.

Nilimshika baadaye. Nilimshika Jumanne yote na Jumatano yote mpaka nesi akaniambia nipumzike. Lakini ile ya kwanza aliiona, Joanitha, na siwezi kuifuta.

Jumatano mchana Mwesiga alipiga simu kwamba umefanyiwa upasuaji, mko salama wote wawili, na mtoto ni wa kike. Niliinama nikamnong’oneza Tata, nikamtajia na jina, Kokuhirwa. Alifumba macho taratibu, akafumbua, akafumba tena, akafumbua. Chozi likateremka kuelekea sikioni, nikalipangusa. Nadhani hiyo ndiyo habari ya mwisho iliyomfikia, kwa sababu baada ya hapo walimwongezea dawa ya kumlaza. Alhamisi saa nne asubuhi alikata roho. Mwijage alikuwa kulia, mimi kushoto.

Hospitali walituandikia karatasi, pepopunda, kwa herufi kubwa. Nilisafiri nayo mpaka Nshamba nikaionyesha kila aliyetaka kuiona. Mmoja akaniambia hospitali wanaficha ili watalii wasikimbie. Watalii gani wa Nshamba? Jumamosi ya mazishi watu walisimama barabarani, wengi, lakini kaburini tulikuwa kumi na wawili. Wachimbaji hawakutaka kulishika jeneza. Waliolishusha ni Mwijage, Mchungaji, Kyaruzi, na yule Protase. Ndiyo, Protase alikuja kutoka Bukoba, na kidole chake kimepona, akashika koleo na kufukia kama mtu wa nyumbani. Baadhi ya wale kumi na wawili walisogea mbali naye.

Jumatatu yake mwenyekiti wa kitongoji na vijana wenye mabomba walipuliza dawa nyumba nzima, ndani na nje. Halafu wakayachoma matandazo ya kibanja, zile nyasi alizokuwa anazipanga kwa mikono. Moto ukakamata mibuni iliyo upande wa barabara, ile aliyoipanda na marehemu mama yako mwaka ulipozaliwa. Imeungua kumi na minne. Ule upande wa chini umepona. Mbuzi nimewaleta huku kwangu.

Tulipokaa ndugu, baba mkubwa Kashaija ndiye aliyetoa shauri. Alisema, “Joanitha mwambieni ni buibui. Ana mshono. Na buibui hana ndugu atakayeona aibu.” Hakuna aliyepinga. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kusema. Jioni nikakupigia, nikakuambia aliumwa na yule mdudu wa kigeni, kwamba ilikuwa ghafla, kwamba hakuna ambalo lingefanyika. Ukanishukuru kwa kumuuguza. Umenishukuru mara tatu, nilizihesabu.

Basi ule uongo umekuwa godoro la wote. Clotilda analalia hapo, bodaboda wanalalia hapo, mhudumu wa zahanati, mwenyekiti, mimi. Na watu bado wanaogopa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Nshamba alikatwa na jembe mguuni, mumewe akamfungia chumbani. Mwijage ndiye aliyekwenda kumtoa. Hapo nikaona kwamba nikinyamaza tutazika mwingine.

Nimezungumza na Mchungaji. Jumapili ya wiki ijayo, tarehe ishirini na mbili, baada ya matangazo, atanipa nafasi nisimame kanisani Nshamba na ile karatasi. Nitasema pepopunda, nitasema msumari, na nitasema siku tatu zangu kwanza kabla ya kutaja za mtu mwingine. Baba mkubwa amekasirika, amesema nikifanya hivyo nisikanyage kwake. Huenda watu wakanizomea au wakatoka nje. Nitasema. Ila sikutaka walisikie wao kabla yako, ndiyo maana barua hii naimaliza leo, na kesho alfajiri shemeji yetu Projestus anaondoka nayo kwenda Dar es Salaam, ataiweka kwenye basi la Lindi.

Kokuhirwa asikose chanjo hata moja, hata kama kliniki ni mbali na hata kama mvua inanyesha. Nawe waulize kama ulipata za kwako zote.

Siombi unisamehe kwa barua. Ukipona, ukiweza kusafiri, uje ukae kwenye nyumba ya baba yako muda wowote unaoutaka. Nimeifungua madirisha harufu itoke, na kila Jumamosi nakwenda kupalilia ule upande uliopona. Ukitaka nisiwepo siku utakayofika, niambie tu nami nitakaa Nyanga.

Nancy anakusalimia, anauliza lini atamwona mtoto. Clotilda amenituma nikuambie pole, akashindwa kuendelea. Wasalimie majirani zako waliokupikia uji siku zile, na umbusu Kokuhirwa kwa niaba ya babu yake aliyelisikia jina lake.

Mwijage anakusalimia pia. Kama mkono wako utakuwa mzito kunijibu mimi, nitaelewa, lakini mwandikie yeye. Yeye alikwenda.

Rugaba, Mungu wetu, akulinde wewe na mwanao, akupe maziwa ya kutosha na usingizi usio na ndoto mbaya.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama leo hutaki kulisikia,

Kemilembe